Damu ya Jitu na Mshipi wa Fahali

Jumapili hiyo Dada Mkubwa alimwinua Baba kutoka kitandani kwa mtindo wake uleule: goti lake katikati ya magoti ya mzee, mikono chini ya makwapa, kidevu begani, kisha "haya Baba, moja, mbili," na juu. Tatu hakuwa akiitamka. Ikifika tatu pumzi yote imeshakwenda kwenye mzigo, na mzee, tangu kiharusi kimlaze upande wa kulia, alishazoea kusubiri tatu isiyokuja. Siku hiyo hata mbili ilitoka nusu. Kitu kilimchoma chini ya kiuno kikateremka na paja mpaka kisiginoni, akamtua Baba kwenye kiti cha magurudumu vibaya kuliko alivyotaka, akageukia ukutani kujifanya anapanga mito. Mito yenyewe ilikuwa miwili. Aliipanga mpaka machozi yakarudi yalikotoka.

Chini ya gauni alikuwa amejifunga mkanda wa kiuno, ule mpana wenye vipande vya chuma mgongoni, wanaopewa watu wa chumba cha kufulia. Kazi yake ilikuwa kuvuta mashuka ya hospitali kutoka kwenye mashine yakiwa yamelowa, kuyasukuma kwenye toroli, kuyatia kwenye kikaushio, na kurudi kuvuta mengine. Shuka moja kavu hata mtoto analibeba. Mashuka ya wodi nzima yaliyoshikana kwa maji ni habari nyingine kabisa. Daktari mmoja wa hukohuko, aliyemwona akichechemea kwenye korido akambana mpaka akakubali kupimwa, alimweleza bila kuzunguka: pingili ya uti wa mgongo imeanza kuhama, na ukiendelea kuinua vitu vizito peke yako, siku moja mguu utagoma. Dada Mkubwa aliitikia ndiyo daktari, asante daktari, akarudi kwenye mashuka yake. Mkanda aliokuwa akiuvulia kazini akaanza kuja nao nyumbani, na siku nyingine akalala nao.

Kwa wadogo zake hakuthubutu kusema, na sababu ilikuwa moja. Baba alipotoka hospitali, walikaa palepale sebuleni kujadili nani atamtunza. Mdogo wake wa kiume akataja ile nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mji. Hakusema kwa ubaya. Alikwenda mwenyewe kuikagua, akarudi akisema vitanda ni safi na wauguzi wapo. Dada Mkubwa akamkata kauli. "Baba haendi popote. Mimi nina mgongo wake." Kwa upande wa baba yao, watu wa mgongo walikuwa hawahesabiki: babu aliyebeba mlango wa mbao peke yake, shangazi aliyemsukuma ng'ombe akakaa chini, na hadithi nyingine ambazo kila msiba ziliongezewa uzito. Jibu lile lilifunga mjadala. Kwa hiyo akisema leo kwamba mgongo umekwisha, mjadala unafunguliwa upya, na safari hii hana la kujibu. Baba ataondoka. Ndivyo alivyoamini, na ndiyo maana alikuwa anapanga mito.

Wadogo zake walifika mchana, kama kila Jumapili. Wa kiume alikuwa dereva wa lori, na walimwita Breki kwa sababu mdomoni hakuwa nazo. Wa kike, kitinda mimba wao, alifundisha hesabu shule ya sekondari. Wakamwita Mwalimu tangu hajawa mwalimu, maana alikuwa anasahihisha watu akiwa bado ananyonya kidole. Walimsalimia mzee, wakamsogeza mezani, wakatandaza karatasi ya mchezo, yenye ramani waliyoichora wenyewe.

Sasa, kuna watakaocheka. Watu wazima watatu, mmoja ana mvi, wanakaa mezani kucheza mchezo wa majitu na wezi. Acha wacheke. Wapo ndugu wanaokutana misibani tu, wakatazamana kama wageni kituoni. Hawa walikuwa na mchezo wao, Safari.

Safari aliwafundisha Baba wakiwa wadogo. Alikuwa mtunza ghala, na mwenzake mmoja wa pale ghalani, mtu wa kutoka mbali, alimwonyesha mchezo huo wakati wa mapumziko ya chakula. Baba hakukumbuka wote, basi penye pengo akajaza ya kichwani mwake. Kila mchezaji anajiundia mtu wake: ana damu ya nani, ana uwezo gani, amebeba vifaa gani. Msimulizi anawaambia wako wapi na kumetokea nini, wao wanasema wanafanya nini, na pasipo na hakika madadu yanaamua. Siku zote msimulizi alikuwa Baba. Kiharusi kilipomwachia neno "haya" peke yake, kiti cha msimulizi kikamwangukia Dada Mkubwa pamoja na mengine yote.

Mtu wa Breki aliitwa Jabali, mwenye damu ya majitu, na kete yake ilikuwa kizibo cha chupa. Mtu wa Mwalimu aliitwa Sisimizi, mwizi mdogo mwenye vidole vyepesi. Kete yake ilikuwa kifungo cha shati. Baba naye alikuwa na mtu wake, Mzee wa Mizigo, na kete yake ilikuwa nati ya shaba. Tangu augue, nati ilikaa juu ya kizibo. Yaani huko mchezoni Jabali alimbeba mgongoni, na hakuna aliyewahi kulizungumzia.

"Mlipoishia," Dada Mkubwa alianza, akitafuta namna ya kukaa isiyouma, "mko ndani ya pango. Nyuma yenu maji yanapanda. Sisimizi yamemfika kifuani. Mbele kuna lango la chuma, halina kufuli wala tundu la ufunguo. Ni la kuinua. Linataka ishirini."

Breki akasugua viganja. "Jabali ana damu ya jitu, nguvu nne. Na wiki iliyopita nilichukua Mshipi wa Fahali kwenye kaburi la mfalme, nguvu sita. Jumla kumi. Natupa madadu matatu."

"Subiri. Siyo kumi. Ni sita."

"Sita vipi?"

"Nguvu ya damu na nguvu ya kifaa, zikiwa za aina moja, hazijumlishwi. Unachukua iliyo kubwa."

"Dada, huo mshipi nimeutolea jasho. Nimepigana na mifupa mitatu inayotembea. Leo unaniambia ile nne niliyozaliwa nayo imeyeyuka?"

"Haijayeyuka. Imefunikwa."

"Kwa kumi," Mwalimu akaingilia, "anahitaji apate kumi kwenye madadu. Inawezekana vizuri tu. Kwa sita anahitaji kumi na nne, na hapo anaomba dua." Akamgeukia kaka yake. "Ila kusema kweli, darasani kwangu nne na sita haijawahi kuwa sita."

"Darasani kwako hakuna lango," Dada Mkubwa akajibu.

Breki hakuwa mtu wa kuachia njia. "Nikivaa koti juu ya koti, sisikii joto zaidi? Damu iko ndani, mshipi uko nje. Havigongani popote. Nieleze kwa nini."

Dada Mkubwa alikuwa amechoka. Zamu ya jana ilikuwa bado imo miguuni, na asubuhi alikuwa amembadilisha Baba nguo mara mbili. Siku nyingine angesema ndiyo sheria, basi. Lakini mzee alikuwa anamtazama kwa lile jicho lake zima, la msimulizi wa zamani anayesikiliza kama sheria yake inaelezwa sawasawa.

"Kwa sababu mgongo ni mmoja," akasema. "Damu ndiyo imekupa mgongo wenyewe. Mshipi kazi yake ni kuukaza. Ukishafunga mshipi, lango linakaa juu ya mgongo uleule uliozaliwa nao. Mshipi unakudanganya kidogo, unajiona umekuwa wawili. Hujawa wawili. Mshipi haukuletei mgongo mwingine."

Kipande cha chuma kilimchoma ubavuni aliposema hivyo. Akashika kikombe cha chai kilichopoa. Maneno yalikuwa ya Baba, ya miaka mingi, alishayasema mara nyingi bila kuyasikia. Leo aliyasikia, akaona aibu.

"Na mtu wa pili?" Mwalimu akauliza, japo alijua.

"Mtu wa pili anajumlishwa mzima." Hilo walilijua kwa moyo tangu utotoni.

"Basi Sisimizi anaongeza mkono."

"Aongeze mkono wapi?" Breki akang'aka. "Jitu zima nikasaidiwe na mdudu? Nitamwangaliaje mtu usoni? Peke yangu. Kwa hiyo sita yenu."

Akatikisa madadu, akapuliza ngumi, akatupa. Moja likasimama kwenye tano, la pili kwenye nne. La tatu likagonga sahani, likaruka, likaingia chini ya kiti cha Dada Mkubwa.

Hapo pana desturi yao, na bila kuijua huwezi kuelewa kilichofuata. Dadu likianguka haliokotwi. Linasomwa palepale lilipo, na anayeinama kulisoma ni msimulizi peke yake. Baba aliiweka sheria hiyo kwa ajili ya Breki, aliyekuwa akiokota dadu na kulipindua njiani kabla halijafika mezani. Miaka yote, likianguka chini ya kabati, chini ya kochi, hata nje ya mlango, Baba alikuwa akiinama na miwani yake, anatoa hukumu. Halikuwahi kutupwa upya hata siku moja.

Breki alihesabu upesi. "Tano na nne tisa. Linahitaji kuwa tano au sita. Dada, soma."

Dada Mkubwa hakusogea. "Tupa tena."

"Tangu lini?" Breki akauliza. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kushangaa.

"Mimi ndiye msimulizi. Nimesema litupwe tena."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikuwa na tabia hiyo ya walimu ya kumtazama mtu mpaka mtu ajione. "Dada. Inama usome."

"Sitaki."

"Liko hapo kwenye mguu wa kiti. Inama tu."

Akajaribu. Angeweza kukataa, lakini kukataa kungewaambia yote, basi akajaribu. Alishika ukingo wa meza, akashusha bega, akafika nusu ya njia, na pale katikati mwili ukakwama. Hakuweza kushuka, hakuweza kupanda. Jasho lilimtoka kwenye paji. Mwalimu akaruka kumshika, mkono wake ukatua mgongoni, ukagusa vyuma chini ya kitambaa.

"Umevaa nini humu ndani?"

"Niinue kwanza, mama. Polepole."

Walimwinua wote wawili. Walipomkalisha, akawaeleza. Hakulia, alieleza kama mtu anayetoa taarifa ya zamu, daktari kasema hivi, mguu unafanya hivi, mkanda ni wa kazini. Mwisho wa maelezo ndipo sauti ilipomtoka vibaya. "Nimechoka," akasema. "Nimechoka jamani. Siwezi tena peke yangu."

Breki alikuwa amekaa na zile ngumi zake kubwa juu ya meza, hajui azipeleke wapi.

"Tangu lini?" akauliza tena, na safari hii swali lilikuwa jingine.

"Tangu kabla ya mvua."

"Na kila Jumapili nakuja hapa namkuta Baba ameshakaa kwenye kiti, amechanwa nywele. Nikadhani," akasita, "nikadhani anakaa mwenyewe tu. Kweli, sijawahi kujiuliza amefikaje kwenye kiti." Akapangusa uso. Kisha, kwa kuwa hakuwa na breki, akalisema lile neno. "Labda ile nyumba, Dada. Siyo kwa ubaya. Kama umefika hapo."

Ndilo neno Dada Mkubwa alilolikimbia kwa miezi yote hiyo, na likamkuta amekaa. Alitaka kubisha. Alitafuta ubishi ndani yake, akakuta pamebaki usingizi tu.

Baba akasema, "Haya."

Wakageuka. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa unatambaa mezani, kati ya vikombe. Ulifika kwenye kizibo cha Jabali. Vidole vikahangaika, vikaibana ile nati ya shaba, vikaiinua kutoka juu ya kizibo. Akaivuta nyuma, akapita nayo kifungo cha Sisimizi, mpaka pale Mwalimu alipochora maji kwa kalamu ya buluu. Akaiweka hapo. Akaondoa mkono.

"Haya," akasema tena, na akamtazama binti yake mkubwa.

Watu wote mezani walielewa. Mzee wa Mizigo anashuka mgongoni. Niacheni hapa, nyie piteni. Kila asubuhi Baba alikuwa na kidevu cha Dada Mkubwa begani kwake, sikio lake karibu na mdomo wa binti, anasikia pumzi inavyokatika kabla ya tatu. Alijua mapema kuliko daktari. Hakuwa na neno la kumwambia, mpaka mchezo ulipompa nati.

Dada Mkubwa ndipo alipolia sasa, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega yanakwenda tu.

Breki alivuta pua. Akasimama, akazunguka meza, akaichukua nati kutoka majini. Hakuirudisha juu ya kizibo. Alisogeza kizibo na kifungo mpaka vikagusana mbele ya lango, akaiweka nati juu yake katikati, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Sisimizi," akamwambia mdogo wake bila kumtazama, "ongeza mkono."

"Ulisema hutaki kusaidiwa na mdudu."

"Nimesema mengi."

Kisha akapiga magoti, lile pande la mtu, akaingiza kichwa chini ya kiti cha dada yake. Alikaa huko muda, akitazama dadu, na wote walijua anawaza nini, maana mkono wake ulikuwa karibu nalo na hakuna mwingine aliyeliona.

"Moja," akasema kutoka chini. "Mbwa hili. Moja."

Tano, nne, moja na sita za mshipi: kumi na sita. Mwalimu akatupa dadu lake la msaada, likaja mbili. Kumi na nane. Lango halikufunguka.

Wakamgeukia msimulizi. Dada Mkubwa alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Limeinuka kiganja kimoja," akasema kwa sauti ya mafua. "Mmechomeka jiwe chini yake. Maji yanapita kwenye upenyo, hayapandi tena kwa kasi ile. Mtaendelea kuinua Jumapili ijayo. Baba amechoka."

Walipanga mambo huku wanakusanya vikombe, na mipango yenyewe haikuwa ya kupendeza. Mwalimu angepita alfajiri kabla ya shule, ingawa anaishi mbali na haamki vizuri. Breki angekuja jioni zile ambazo lori liko nyumbani. Zile ambazo liko njiani angemtuma mkewe, na mkewe alikuwa bado hajaulizwa. Mchana mmoja katikati ya wiki ulibaki wazi, hauna mtu. Wakauacha hivyo. Ile nyumba ya ng'ambo hakuna aliyeapa kwamba haitatajwa tena. Dada Mkubwa aliamini nusu ya aliyoyasikia, na hata nusu hiyo ilikuwa nyingi kwake siku ile.

Alifungua mkanda mbele yao, utepe wake wa kunata ukabanduka kwa kelele, akautupa kwenye kochi. Breki akauokota, akaupima kiunoni kwake.

"Uache," Dada Mkubwa akasema. "Tumeshaongea habari ya mshipi."

Wakamsukuma mzee mpaka kando ya kitanda. Dada Mkubwa alimwonyesha Breki pa kuweka goti, akampiga kofi mkononi aliposhika nguo badala ya mwili. Alimweka Mwalimu upande wa kulia, ule uliolala, amshikilie nyonga. Breki, aliyezoea kusukuma magunia, alikuwa anamshika baba yake kama kitu kilichoandikwa "kioo".

"Usimwogope. Karibia. Kidevu chako kwenye bega lake."

"Ni mwepesi," Breki akanong'ona. "Sikujua amekuwa mwepesi hivi."

Dada Mkubwa alisimama kando, mikono mitupu, hajui aifanyie nini. "Mkae tayari. Baba, uko tayari?"

"Haya," akasema Baba.

"Moja," akahesabu Dada Mkubwa. "Mbili."

Wote watatu wakabaki wamekaza mwili, wanamsubiri. Hata mzee alikuwa amegeuza jicho lake zima kwake, anangoja. Ndipo Dada Mkubwa alipogundua kwamba bado ana pumzi.

"Tatu," akasema.